Jibu: mtoto anakula sana ila anakonda na moyo unamwenda mbio

Pole sana dada. Mtoto wa miaka 6 anakula vile na bado anakonda, mikono inatetemeka, moyo unadunda hata akiwa kalala, halafu majirani huko Ngamiani wanakwambia minyoo mara kijicho. Minyoo inakondesha ndio, ila moyo mbio na hicho kiuvimbe shingoni ulichosema, mi ningewaza tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Kwa watoto mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili wake mwenyewe ndo inaichokoza tezi.

Mpeleke hospitali ya Bombo hapo Tanga wiki hii, omba daktari wa watoto ampime damu, TSH (homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi) na T4 (homoni inayotolewa na tezi yenyewe). TSH ikiwa chini sana na T4 juu, basi ndo hiyo, hapo ulizia rufaa kwa daktari wa homoni, Muhimbili.

Kawaida wanaanza na kabimazo (carbimazole), dawa ya kupunguza homoni za tezi, na ni safari ndefu, miaka 2 au zaidi, kwahiyo usikatishe eti kwa sababu kanenepa. Ila sikiliza hapa: akiwa kwenye dawa akapata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, msimpe dozi nyingine, mkimbize siku hiyohiyo apimwe damu, maana mara chache dawa hiyo inashusha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Macho yakiwa manjano hivyohivyo.

Na ule unga wa mwani ambao bibi anampa, acha kwanza, una madini joto mengi mno, na tezi inayatumia kutengeneza homoni zake. Chumvi ya kawaida haina neno.

Akichemka homa kali, anatapika na kuweweseka, hiyo ni emajensi, usingoje asubuhi.