Ukianza na Pygmalion ya 1938, fuata mdomo na mfuko

Ninyi mnaoanza masomo ya filamu, mkipangiwa kichekesho cha mapenzi cha Waingereza wa zamani, huwa mnakaa kungoja busu. Kwenye Pygmalion mtangoja sana. Wekeni mapenzi kando kwanza. Fuateni mdomo na mfuko, yaani jinsi watu wanavyozungumza na fedha walizonazo.

Eliza Doolittle (Wendy Hiller) anauza maua Covent Garden, mtaa wa soko jijini London. Profesa Higgins, anayeigizwa na Leslie Howard, amejibanza pembeni akiandika kila sauti inayomtoka. Dakika hizo za mwanzo ondoa maandishi ya chini, hata kama nusu ya maneno yanakupita. Ukisoma badala ya kusikiliza, tajiri na maskini wote wataonekana wana Kiingereza kimoja, na utani wote umekwisha.

Higgins anamchukua Eliza na kumfundisha kuzungumza kama bibi wa kifahari. Halafu kuna karamu ya chai kwa mama yake Higgins. Itazame mara mbili, na ya pili watazame wageni, si Eliza. Matamshi yake sasa hayana doa. Anaanza na habari za mvua kama alivyofundishwa. Mara anasimulia, kwa lafudhi ileile ya kifahari, kwamba shangazi yake alisemekana kafa kwa mafua, lakini yeye anaamini walioiba kofia yake mpya ndio waliommaliza. Higgins anawaambia wageni kuwa hayo ndiyo maongezi ya kisasa. Nao wanakubali! Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia yenyewe na mmoja wa waliopata Oscar kwa mswada wa filamu hii, hapo anawacheka wao. Ukiandika kwamba kinachochekesha ni msichana wa mtaani kuchapia, umekosa shabaha.

Na huyo Higgins mwenyewe? Hana adabu hata chembe, anafoka na kutukana, lakini hakuna anayetilia shaka ubwana wake. Baba yake Eliza, mzoa taka, anakuja kudai pauni 5 kwa ajili ya binti. Akitajiwa 10 anazikataa, maana fedha nyingi humtia mtu busara na raha ikamtoka.

Mwisho wa filamu, Eliza anarudi na Higgins anaulizia ndara zake. Msikimbilie kuandika "wakaoana". Shaw hakutaka kabisa. Katika maelezo aliyoambatisha kwenye tamthilia alimwoza kwa Freddy, kijana wa ukoo wa heshima usio na hela. Kwenye insha, taja unazungumzia mwisho upi.