Tanuri la kukuza fuwele: ulizia mteremko wa joto kabla ya joto la juu

Vipeperushi vya wauzaji huanza na namba kubwa: nyuzi 1200, 1500, 1700. Wengi hununua kwa namba hiyo, na mara nyingi ndiyo isiyowasaidia. Chukua bismuthi teluridi (Bi₂Te₃), ambayo maabara nyingi hupenda kuanza nayo kwa sababu hugeuza tofauti ya joto kuwa umeme. Huyeyuka kwenye nyuzi 585 za Selsiasi. Tanuri la nyuzi 1200 lenye nyaya za Kanthal (aloi ya chuma, kromi na alumini) linatosha na kusaza. Ukipanda hadi 1700 unaingia kwenye vipashio (sehemu zinazotoa joto) vya molibdeni disilisidi: ni ghali, huvunjika kirahisi, huhitaji transfoma yake, na huharibika vikikalishwa muda mrefu kati ya nyuzi 400 na 700. Yaani hapo hapo kazi yako ilipo.

Kwa njia ya Bridgman, kichupa cha kwatsi chenye malighafi iliyoyeyuka hushushwa polepole kutoka ukanda wa moto kwenda ukanda wa baridi, na fuwele hujengeka pale kinapovuka nyuzi 585. Kwa hiyo unachonunua hasa ni umbo la joto ndani ya mrija. Dai kanda mbili, kila moja na kidhibiti chake, zikitenganishwa na kizuizi cha joto. Mathalani juu nyuzi 680, chini 500, na kati yake mteremko wa joto, yaani kasi ya joto kushuka kadiri unavyosogea, wa nyuzi 15 hadi 30 kwa kila sentimita. Bila kizuizi, joto la juu huvuja chini na ukanda wa baridi haupoi hata ukizima kipashio chake.

Mwambie muuzaji akutumie vipimo vya kila sentimita, vilivyochukuliwa kwa themokapo (kipimajoto cha nyaya) iliyoingizwa katikati ya mrija. Namba inayoonekana kwenye kidhibiti hupimwa karibu na kipashio, na inaweza kutofautiana na katikati kwa makumi ya nyuzi. Akikuletea mchoro mzuri usio na namba, mwombe namba.

Halafu kuna mwendo wa kushusha kichupa. Kwa milimita 1 kwa saa, fuwele ya sentimita 10 huchukua saa 100, siku nne na ushei. Mota lazima iweze kushuka hata nusu milimita kwa saa bila kushtuka-shtuka, maana mitikiso huweza kuanzisha chembe mpya na ukaishia na bonge la vipande badala ya fuwele moja.

Na katika saa 100, umeme wetu utakatika. Uliza kidhibiti hufanya nini ukirudi: kinaendelea pale kilipoishia, kinapanda taratibu hadi joto la awali, au kinaanza programu upya? Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara ni kuunganisha mota na kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba) huku vipashio vikiachwa kwenye umeme wa kawaida. Umeme ukienda, kichupa kinaendelea kushuka wakati joto linapungua. Afadhali vyote visimame pamoja. UPS iwe ya kidhibiti, na jenereta ya kujiwasha ndani ya nusu dakika ibebe vipashio. Tanuri lililofunikwa vizuri halipotezi joto jingi kwa muda huo.

Tanuri la volti 220 likiwekwa kwenye 240 za Kenya hutumia nguvu zaidi kwa takribani asilimia 19. Dawa yake ni kuweka kikomo cha nguvu kwenye kidhibiti siku ya kwanza. La volti 110 halifai bila transfoma.

Usikubali tanuri lisilo na kinga ya pili ya joto, yenye themokapo yake na kontakta yake (swichi kubwa ya kukata umeme). Relei ya kielektroni, yaani swichi inayowasha na kuzima vipashio, ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga mzunguko: kidhibiti kinasema "zima", vipashio vinaendelea kuwaka.

Bajeti nayo isiishie kwenye tanuri. Kichupa huzibwa kwa tochi ya oksijeni na haidrojeni (au propani) kikiwa kwenye pampu ya ombwe, na bila hivyo viwili tanuri litabaki pambo. Weka pia kabati la kufyonza moshi, kwa sababu kichupa kikipasuka mvuke wa teluri hutoka. Aliyeuvuta hunuka pumzi ya kitunguu saumu kwa siku kadhaa, na hiyo ndiyo hasara ndogo.

Kwenye zabuni, andika mambo yanayopimika. "Tanuri bora la kisasa" humpa ushindi mwenye bei ya chini kabisa. "Mteremko usiopungua nyuzi 15 kwa sentimita kwenye nyuzi 585, ukithibitishwa maabarani kwetu" unamfunga muuzaji. Jumuisha themokapo mbili za akiba, seti moja ya vipashio, relei na fyuzi, kwa kuwa kuagiza kipande kimoja baadaye kunaweza kukwama forodhani majuma kadhaa. Zuia sehemu ya malipo hadi jaribio la kupokea likamilike.

Jaribio lenyewe lisiwe la kuwasha taa na kupiga picha. Pima mteremko tanuri likiwa tupu, liendeshe saa 24, kisha zima swichi kuu makusudi kwa dakika 5 uone litafanya nini, fundi wa muuzaji akiwa bado yupo.