Maswali Yenu: Glukosi Ileile, Kifungo Kingine

Unga wa mahindi ni glukosi, na bua lake ni glukosi. Mbona unga hutushibisha na bua tunamwachia ng'ombe? – Mwalimu wa biolojia, Kakamega

Mwalimu, tazama pale glukosi mbili zinapokutana. Kaboni ya 1 ya glukosi moja hushikana na kaboni ya 4 ya mwenzake, molekuli moja ya maji inatoka, na oksijeni inabaki katikati kama daraja. Hicho ndicho kifungo cha glaikosidi. Katika kaboni hiyo ya 1, kundi la OH laweza kuelekea chini (alfa) au juu (beta).

Wanga, ulio kwenye unga, una vifungo vya alfa. Pete za glukosi zake zote zimelala upande mmoja, na mnyororo unajisokota kama springi, glukosi sita hivi kila mzunguko. Selulosi, iliyo kwenye bua, ina vya beta, na ili vishikane, kila glukosi hupinduka dhidi ya jirani yake, kama watoto waliolala mzungu wa nne. Mnyororo huo hunyooka. Minyororo mingi ikilala sambamba hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kimoja kimoja ni dhaifu, ila ni vingi mno, hata maji hayapati pa kupenya. Amilesi, kimeng'enya cha mate yetu, hukata alfa 1,4, na beta haiiwezi. Ng'ombe naye haiwezi! Wanaomkatia ni vijidudu walio katika tumbo lake la kwanza.

Darasani, kata kadi nane. Andika 4 kushoto na 1 kulia, chora kishale kinachoelekea juu kiwe kaboni ya 6. Kisha pindua kadi kama chapati, ukingo wa juu uje chini, uandike nyuma vilevile: 4 kushoto, 1 kulia, ila kishale sasa kielekee chini. Panga vishale vyote juu, umepata wanga. Panga juu, chini, juu, chini, umepata selulosi. Kosa la kila mwaka ni mwanafunzi kuizungusha kadi mezani kama usukani: 1 inahamia kushoto, na mwisho 1 inakutana na 1.

Mkimaliza, chukueni bawa la kumbikumbi. Lina kitini, yenye beta 1,4 kama selulosi, isipokuwa kwenye kaboni ya 2 OH imeondoka na nafasi yake imeshikwa na kundi lenye nitrojeni.

Tulichemsha wanga na asidi ya haidrokloriki, tukatia myeyusho wa Benedict wa kupimia sukari, ukabaki buluu. Tulikosea wapi? – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisumu

Karibu hakika hamkuiua asidi. Benedict hufanya kazi penye alkali, na asidi iliyobaki huila alkali hiyo kabla ya sukari kuguswa.

Rudieni hivi. Tieni sentimita za ujazo 2 za wanga wa asilimia 1 kwenye neli, ongezeni 1 ya asidi hafifu, muiweke ndani ya maji yanayochemka. Dakika tano hazitoshi. Wanga huhitaji 15 hadi 20. Kila baada ya dakika chache chukueni tone, mliweke kwenye kigae cheupe, lipoe, ndipo mtie ayodini. Nasisitiza kupoa kwa sababu wanga ukiwa moto springi yake hulegea, ayodini iliyokaa ndani hutoka, na rangi ya buluu-nyeusi hupotea. Mtadhani wanga umekwisha, kumbe bado upo.

Rangi isipotokea tena, poozeni neli na kuongeza sodiamu haidrojeni kaboneti kidogo kidogo hadi povu likome. Mkimwaga kijiko kizima kwa pupa, itafurika mezani. Sasa tieni Benedict sentimita za ujazo 2 na kupasha dakika tano. Rangi hupita kijani, manjano, chungwa, hadi nyekundu ya tofali.

Sukari ya mezani, ile ya miwa, haihitaji subira hiyo. Dakika mbili za asidi zinatosha. Bila asidi haibadilishi Benedict hata kidogo, kwa kuwa kaboni ya 1 ya glukosi na ya 2 ya fruktosi, ambazo ndizo zingefanya kazi hiyo, zimefungwa zote mbili kwenye kifungo kimoja. Ikija hesabu: 180 na 180, toa maji 18, unapata 342.

Viazi vyangu kutoka Molo vilikaa kwenye friji wiki mbili. Chipsi zinaungua rangi hata mafuta yakiwa mapya. – Mkaanga chipsi, Nakuru

Baridi ya nyuzi 4 hukifanya kiazi kivunje wanga wake kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zikikutana na amino asidi ndani ya mafuta moto hugeuka kahawia. Viweke nje ya friji, gizani, wiki mbili au tatu. Sehemu ya sukari itarudi kuwa wanga. Vya haraka, vikate, uviloweke kwenye maji ya vuguvugu, uvikaushe vizuri. Havitarudi vyote.

Nyama ya fahali niliyemnunua mnada wa Chwele ilitoka nyeusi, inanata, ikaharibika upesi. Alikuwa mgonjwa? – Mwenye bucha, Bungoma

Ugonjwa ni kazi ya mkaguzi wa nyama, lakini dalili hizi ni za fahali aliyechoka. Misuli huweka akiba ya glaikojeni, yaani wanga wa wanyama: vifungo ni vya alfa 1,4, na matawi ya alfa 1,6 kila baada ya glukosi 8 hadi 12. Wanga wenye matawi wa mahindi huyapata baada ya 24 hadi 30. Matawi mengi ni ncha nyingi za kukatwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mnyama anayekimbia huimaliza akiba hiyo upesi.

Baada ya kuchinjwa, glaikojeni iliyobaki hugeuka asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) hushuka kutoka 7 hivi hadi karibu 5.5. Akiba ikiwa imekwisha, pH hukwama juu ya 6: nyama hushikilia maji, hubaki nyeusi, na bakteria hustawi. Usimchinje siku hiyohiyo aliyofika. Mpe maji, umtenge na mafahali wageni wasipigane, na fimbo iwekwe kando. Usiku mmoja huzuia hasara zaidi. Kuijaza akiba upya huchukua siku kadhaa za malisho.