Wewe unayeanza kazi na watoto wa mtaani, soma hii kabla hujaingia fildi

Karibuni. Naandika kwa ajili ya nyie mliotoka chuo juzi au mnaojitolea, maana naona maswali yanajirudia na mengi yanatokana na picha moja mnayokuja nayo kichwani, kwamba kazi yetu ni kumtoa mtoto mtaani. Gari linakuja, watoto wanapanda, wanaogeshwa, wanavalishwa nguo mpya, picha zinapigwa, halafu baada ya muda mfupi wengi wao wako palepale stendi na sasa hawakuamini tena. Mimi naona kazi yetu ni kuhakikisha haki zake zinamfikia hapo hapo alipo. Kutoka mtaani kutakuja kwa wakati wake, na mara nyingi kunakuja kirahisi zaidi ukianza na haki.

Sheria iko upande wenu kwenye hili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ule wa 1989, haujasema popote kwamba haki zinaanza mtoto akisharudi nyumbani, na kifungu cha 2 kinakataza ubaguzi wa aina yoyote. Mwaka 2017 Kamati ya Haki za Mtoto, ile ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba huo, ikatoa Maoni ya Jumla namba 21, yani maelezo yake ya jinsi Mkataba unavyopaswa kutekelezwa, na haya yanahusu watoto wa mtaani peke yake. Yasome hayo hata kabla ya mwongozo wa ofisi yako, nasema kweli. Yanakosoa njia mbili zilizozoeleka, ya kumuona mtoto kama mhanga wa kuokolewa tu na ya kumuona kama mhalifu wa kusafishwa barabarani. Ukiangalia vizuri hizo njia mbili ni ndugu, kote kote hakuna anayemuuliza mtoto mwenyewe anataka nini.

Sasa mkifika, siku za mwanzo msiulize maswali. Najua ofisini mmepewa fomu ina kurasa kibao na bosi anataka takwimu ijumaa, lakini mtoto ambaye hakujui akiona karatasi na kalamu anakusomea hadithi aliyoisoma kwa kila aliyepita kabla yako, anajua sehemu gani watu wanalia na sehemu gani wanatoa hela. Wewe nenda sehemu ileile, saa ileile, siku zilezile, kaa. Ukisema jumatano utakuja basi njoo jumatano hata kama mvua inanyesha, na kama hutakuja usiseme utakuja, hawa watoto ahadi zilizovunjika wanazo za kutosha.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kama miaka 11 hivi, kwa polisi alikuwa na jina moja, kwa wanaogawa chakula jina lingine, kwa wenzake jina la mchezaji mpira. Mwenzetu mmoja mgeni akawa anamuita muongo. Muongo vipi, hayo majina ni ulinzi wake, kila jina lina mlango wake wa kutokea. Jina alilopewa na bibi yake tulilipata siku tumekaa chini tunashona kiatu chake kilichoachia soli, hakuna aliyemuuliza, akalitaja tu katikati ya maneno mengine huku ameshika uzi, na hatukuruka kuandika, tuliendelea kushona. Jioni ndo tukaandika kwenye faili.

Kingine, msidhani mkipita saa nne asubuhi mmewaona wote. Kuna wanaofanya kazi mtaani mchana na usiku wanalala kwao, kuna wanaolala nje na familia nzima, mama baba na mdogo wa mgongoni, kuna wanaokuja shule zikifungwa na kuondoka zikifunguliwa, na kuna wasiorudi kokote. Kila kundi lina shida yake na ukiwawekea mpango mmoja utaharibu. Wasichana ndo utawaona wachache na ofisi itaandika kwamba wasichana ni wachache. Sio kwamba hawapo, wengi wako ndani ya majumba ya watu wanafanya kazi bila malipo au wako kwenye vyumba ambako mtu mzima anawauza. Pitia alfajiri, pitia usiku mkiwa wawili au watatu, ongea na walinzi wa maduka na mama wanaofagia barabara, hao wanajua nani kalala wapi kuliko ripoti yoyote.

Na kwa kuwa nimetaja takwimu, kuna ile namba ya watoto wa mtaani milioni 100 duniani, inazunguka tangu miaka ya 1980, kila andiko la kuomba ufadhili linaibeba. Haina msingi wa kuhesabu wa maana, watoto wenyewe wanahamahama na kila mtu ana tafsiri yake ya nani ahesabiwe. Iacheni. Andika wale uliowafikia wewe na unaoweza kuwaeleza mmoja mmoja.

Haya, tuje kwenye karatasi, hapa nitakaa sana maana ndo pana kazi yenyewe. Kifungu cha 7 cha ule Mkataba kinasema mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa, awe na jina na haki ya kupata uraia, na UNICEF kwenye ripoti yake ya mwishoni mwa 2024 ilikadiria kwamba watoto kama milioni 150 wa chini ya miaka 5 hawajaandikishwa popote. Hao ni wadogo tu, sasa ongeza wakubwa waliopita umri huo bila cheti. Mtoto asiye na cheti hana umri. Shuleni anakwama kwenye usajili wa mitihani, hospitali anakwama kwenye bima kama ipo, akikamatwa anawekwa na watu wazima kwa sababu askari kamuangalia urefu akasema huyu kashafika 18. Mnaona jinsi karatasi moja inavyofungua au kufunga kila kitu.

Kuipata ndo mtihani. Unafika dirishani na mtoto, karani anauliza kadi ya kliniki iko wapi, hakuna, mzazi yuko wapi, hayupo, kazaliwa wapi, mtoto anajibu "karibu na mto", watu nyuma yenu wanaguna, karani anasema nendeni mkatafute mzazi, anayefuata! Na mtoto kaona yote hayo, anarudi mtaani akiwaambia wenzake kwamba yeye kumbe hayupo. Kwa hiyo usimpeleke mtoto siku ya kwanza. Nenda peke yako, uliza uandikishaji wa kuchelewa unataka nini hasa kwa sheria ya nchi yako, mara nyingi kuna njia mbadala, barua ya kiongozi wa mtaa, kiapo cha mtu anayemfahamu, rekodi ya shule aliyosoma hata miezi michache, cheti cha ubatizo, daftari la chanjo la zahanati ya kijijini. Halafu unaanza upelelezi. Mtoto hajui jina la wilaya lakini anajua kulikuwa na reli, kulikuwa na shule yenye mabati ya bluu, sokoni walienda siku gani ya wiki, bibi alikuwa anaongea lugha gani. Andika vyote hata vinavyoonekana vya kijinga. Ukishakuwa na vitu mkononi ndo unarudi na mtoto, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi, kwa upole kabisa bila kupaza sauti. Karatasi ya kukataliwa nayo ni karatasi, ndo utakayoanzia nayo kwa bosi wake au kwa mwanasheria.

Kuhusu umri ukibishaniwa, shikilieni Maoni ya Jumla namba 24 ya Kamati ileile, ya mwaka 2019, yanasema kama hakuna uthibitisho basi mashaka yaamuliwe kwa faida ya mtoto. Na wakileta habari za kupiga eksirei ya mfupa au kuangalia meno, hayo Maoni yanaonya kwamba vipimo hivyo vina makosa mengi na nchi zijiepushe kuvitegemea peke yake. Mahakimu wengine hawalijui hili, wapelekeeni nakala iliyopigwa mstari.

Polisi. Vijana wengi mnaingia mkiwa na hasira na polisi na nawaelewa, msako ukipita kabla ya mkutano mkubwa wa wageni unakuta watoto wamerundikwa mahabusu kwa kosa la kuzurura, yani kosa la kuonekana. Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinasema kumfunga mtoto ni hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa unaowezekana. Na msidhani mataifa hayawezi kuwajibishwa, mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliitia hatiani Guatemala kwa vijana wa mtaani waliouawa na polisi mwaka 1990, wengine wakiwa chini ya miaka 18, na ikasema wazi kwamba haki ya kuishi inabeba na haki ya kuishi kwa utu. Kesi ilichukua miaka mingi na ilisimama imara kwa sababu kuna watu waliandika mambo kwa wakati wake. Kwa hiyo daftari lako liwe na tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Na mkuu wa kituo mjue kabla ya shida, nenda ukajitambulishe siku ya amani, umuachie namba ya simu ya ofisi, siku ya msako atapokea simu yako haraka kuliko ya mtu anayemtukana mitandaoni.

Shule nitasema kidogo. Kifungu cha 28 kinataka elimu ya msingi iwe ya lazima na bure, lakini ukimkalisha kijana wa miaka 13 na watoto wa miaka 7 ataondoka kabla ya wiki kuisha, na atakayelaumiwa ni yeye. Tafuta madarasa ya wanaorudi kusoma, ongea na mwalimu wa darasa mwenyewe, sio mwalimu mkuu peke yake, na usimuelezee mtoto maisha yake yote mbele ya watu kwa nia ya kumuombea huruma.

Makao na kurudishwa nyumbani. Umoja wa Mataifa una Miongozo ya Malezi Mbadala, ilipitishwa mwishoni mwa 2009, inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Maana yake kama mama anamtaka mwanae ila hana kodi ya nyumba, tatizo la kutatua ni kodi. Kwenye kurudisha, safari ya kwanza nenda bila mtoto. Kwanini aliondoka? Mara nyingi utasikia njaa, halafu ukikaa zaidi unakuta baba wa kambo na fimbo. Ukimrudisha bila kujua hilo umemrudisha kwa aliyemkimbia. Na baada ya kumrudisha unaendelea kumtembelea, haiishii kwenye ile picha ya kukumbatiana mlangoni, ambayo kwa maoni yangu haikupaswa kupigwa kabisa. Sura ya mtoto ikishaingia intaneti haitoki, akiwa na miaka 25 anaomba kazi atakutana nayo.

Gundi inawashtua wageni wengi. Mtoto ana chupa mdomoni, ananusa huku anaongea na wewe. Usimnyang'anye. Inamsaidia kusahau njaa na baridi na woga wa usiku na wewe hujamletea mbadala wa hata kimoja, japokuwa inaharibu ubongo na inaweza kuua ghafla, hilo mwambie ukweli akiwa hajanusa. Mazungumzo ya maana fanya asubuhi.

Halafu msiwasahau ambao hata mtaani hawapo. Mtoto mwenye ulemavu aliyefungiwa chumba cha nyuma, mtoto anayeishi gerezani na mama yake, aliyezaliwa kwa wazazi wasio na uraia wa nchi yoyote, binti aliyefukuzwa shule kwa ujauzito, mtumishi wa ndani wa miaka 12. Mkataba wa ILO, yani Shirika la Kazi Duniani, namba 182 wa 1999 unaohusu ajira mbaya zaidi za watoto umeridhiwa na nchi zote wanachama tangu 2020, kwa hiyo serikali yako imeshasaini, kinachobaki ni mtu wa kwenda kugonga mlango akiwa na afisa wa ustawi wa jamii. Peke yako usiende.

Na kuhusu nyie wenyewe, msikae na mtoto chumbani mlango umefungwa, msimpe hela yako ya mfukoni hata akilia, msimpeleke kulala kwako hata usiku mmoja. Sio ukatili, kuna watu wazima wanaojiita wafadhili na wanaanza hivyo hivyo, na mtoto hana namna ya kuwatofautisha nyie na wao isipokuwa kwa mipaka yenu.

Mikataba yenu mingi ni ya muda mfupi, kwa hiyo jueni kwamba mtaondoka. Mwambieni mtoto mapema, taja mwezi, mkutanisheni na atakayechukua nafasi yako mkiwa bado mnakwenda wote pale stendi, na faili mliache limejaa, jina la kweli, zile alama za reli na mabati ya bluu, barua ya kukataliwa, namba ya karani aliyekubali kusikiliza, ili anayefuata asianze upya kumuuliza bibi yake alikuwa anaitwa nani.