Usizibe banda lote kisa baridi

Dada unauliza uzibe madirisha yote ya banda la kuku sababu ya baridi ya Njombe mwezi wa 7, hapana jamani usizibe. Kuku wakubwa baridi wanaivumilia, kinachowamaliza ni unyevu na ile harufu ya kinyesi inayochoma macho, hiyo ni amonia, wanaivuta usiku kucha mwisho wanaanza kukoroma na mafua. Shusha turubai upande upepo unakotokea ila juu karibu na bati acha uwazi kama shibiri uweke wavu, hewa chafu itokee huko bila kuwapiga wakiwa wamelala. Maranda uliyotandaza chini yakilowa toa. Vifaranga ndo wanataka joto, ila ukiwawekea jiko la mkaa hewa lazima ipite, gesi yake haina harufu na inaua hata wewe. Mwezi wa 10 jua likikaza kunja turubai lote.