Herufi ninazo, neno silioni

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: una herufi kadhaa mbele yako, unajua kuna neno la Kiingereza limejificha humo, na halitoki.

SWALI: Mwalimu, niliingiza A, E na T kwenye tovuti ya kutafuta maneno, ikaniletea PLANET na ELEPHANT. Hizo herufi nyingine zimetoka wapi?

JIBU: Tovuti imejibu ilichoulizwa, ila hukuuliza ulichotaka. Kuna namna tatu za kutafuta, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza huleta maneno yenye herufi zako ndani yake, hata yakiwa na nyingine tano pembeni. Ndiyo iliyokuletea PLANET. Ya pili huleta maneno yanayoundwa kwa herufi zako tu: EAT, TEA, ATE, ETA. Ya tatu huzitaka herufi zifuatane vilevile ulivyoziandika, kwa hiyo ATE itakupa WATER na PLATE, lakini PLANET hutaliona. Ukiwa unacheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, unayoihitaji ni ya pili. Tovuti nyingi hazijisumbui kueleza tofauti hiyo, kwa hiyo jaribu kwanza kwa herufi tatu kama ulivyofanya, utajua mara moja unatumia ipi.

SWALI: Bila simu wala kompyuta, nifanyeje? Huwa nazikodolea macho herufi saba mpaka kichwa kinaniuma.

JIBU: Usizikodolee. Herufi saba zisizojirudia zinaweza kupangwa kwa njia 5,040, na hakuna ubongo wa kuzipitia zote. Kinachosaidia ni kujua tabia za Kiingereza. Maneno yake hupenda kuishia na ING, ED, ER, EST au LY, na kuanza na RE au UN. Herufi nyingine hutembea wawiliwawili: CH, SH, TH. CK hukaa katikati au mwishoni, haianzi neno.

Tuchukue A, D, E, G, I, N, R. Ng'oa ING uiweke kando. Zimebaki A, D, E, R, na humo macho yanaona haraka READ, DEAR na DARE. Jaribu moja moja: READ pamoja na ING ni READING, herufi zote saba zimeisha. DARE haikubali, kwa sababu ikipokea ING inaidondosha E yake na kuwa DARING, herufi sita. Sasa rudisha ING, ng'oa ED badala yake. Zimebaki A, G, I, N, R, ambazo ni GRAIN, na GRAINED nalo ni neno halali. Mawili ya herufi saba, na hatujakuna kichwa. Kwenye Scrabble, ukimaliza vigae vyako vyote saba kwa mkupuo unaongezewa alama 50, kwa hiyo zoezi hili linalipa.

Jingine: ziandike herufi kwa duara, si kwa mstari. Mstari hulazimisha jicho kuzisoma kwa mpangilio uliokwisha kukushinda.

SWALI: Kompyuta inawezaje kujibu papo hapo kama mipangilio ni maelfu?

JIBU: Kwa sababu haihangaiki na mipangilio. Programu nyingi huchukua kila neno la kamusi na kuzipanga herufi zake kwa alfabeti. LISTEN inakuwa EILNST. SILENT pia, na ENLIST, TINSEL na INLETS. Yote matano yanaingia droo moja yenye lebo EILNST. Ukileta herufi zako, zinapangwa hivyohivyo na droo inafunguliwa, basi. Kazi inaongezeka kidogo ukitaka na maneno mafupi, maana hapo lazima ihesabu pia una T ngapi na E ngapi.

SWALI: Nina Q, sina U.

JIBU: Kiingereza huifuatisha Q na U karibu kila mara, ila yapo maneno yasiyoihitaji. QI ni mojawapo. Ukiwa na herufi zaidi: QAT, FAQIR, NIQAB, QANAT, TRANQ. Yakariri, maana Q ina alama 10 na inauma kubaki nayo mkononi.

SWALI: Na nikikosa irabu kabisa?

JIBU: Tafuta Y: MYTH, LYNX, HYMN, RHYTHM. Hata bila Y kuna NTH, na mawili ya ajabu yaliyotoka lugha ya Wales, ambako W hufanya kazi ya irabu: CWM, aina ya bonde, na CRWTH, ala ya muziki ya nyuzi.

SWALI: Kwenye Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, najua A ni ya pili na E ni ya mwisho. R imo, ila sijui wapi.

JIBU: Zimebaki nafasi tatu za kuiweka R, na kila moja ina watu wake. Ya kwanza: RAISE. Ya tatu: LARGE, BARGE, CARVE, PARSE. Ya nne: CADRE, PADRE, SABRE. Mimi ningeanzia ya tatu, ndiko kwenye msongamano. Ukitumia programu, andika ?A??E, alama ya kuuliza ikisimama badala ya herufi usiyoijua.

SWALI: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Kweli naweza kushinda mchezo wa namna hii?

JIBU: Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuizungumza lugha hiyo. Alikariri maneno. Mimi sikushauri njia hiyo kama huna kumbukumbu ya aina yake. Neno ukilijua maana halisahauliki upesi. Anza na maneno ya herufi mbili, ndiyo hukuokoa ubao unapobanana. Programu itumie mchezo ukishakwisha, kuona ulichokikosa. Katikati ya mchezo ni wizi.

SWALI: Kuna neno lenye irabu zote tano?

JIBU: EDUCATION. Lililo fupi kuliko hilo ni SEQUOIA. Na FACETIOUS inazo kwa mfuatano wake wa A, E, I, O, U.