Usisubu chubwi jikoni

Marehemu mjomba wangu alisubu chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, nyuma ya jiko, hatua chache kutoka pale mama alipokuna nazi. Alivunja betri kuukuu ya gari kwa shoka, akamwaga tindikali mchangani, akatia mabamba kwenye karai juu ya moto wa vifuu. Risasi ikiyeyuka hung'aa kama kioo kwa muda mfupi, kisha hufunikwa na ukoko wa kijivu. Mjomba aliuengua kwa kijiko cha zamani na kuutupa papo hapo uani, nasi watoto tukauokota kuuchezea.

Nilirithi mshipi wake, kalibu yake na ujinga huohuo. Kijana wangu wa miaka mitatu alipochelewa kusema, daktari aliuliza maswali mengi, mwisho akauliza: "Hapo nyumbani mnachoma nini?" Damu ilipopimwa ilikutwa na maikrogramu 19 za risasi kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia 5, na linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kama ni risasi iliyomchelewesha mwanangu, hakuna anayeweza kuniapia. Lakini chanzo nilikijua. Kilikuwa mikononi mwangu.

Sifa zinazotufanya wavuvi tuipende risasi ndizo zinazoifanya hatari. Ni nzito: kipande chake kina uzito wa takriban mara nne ya jiwe la ukubwa uleule. Ni laini, kisu kinaikata. Maji ya chumvi hayaili upesi. Na huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, joto ambalo jiko la makaa linalifikia bila taabu, ndiyo maana kila mtu anaweza kuwa na kiwanda uani kwake. Ardhini hupatikana hasa ndani ya galena, jiwe la kijivu linalometa na kuvunjika vipande vya pembe mraba, ambamo risasi imeshikana na salfa. Kabwe, Zambia, ilichimbwa hadi 1994, na udongo wa mitaa jirani na mgodi bado una sumu. Siku hizi risasi nyingi duniani huishia kwenye betri, na betri zikifa huyeyushwa upya.

Hapa Mombasa tunajua hiyo maana yake nini. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, alianza kupigana baada ya mtoto wake mchanga kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Mwili wa mtoto huidhania risasi ni kalsiamu, ukaiweka mifupani. Mtoto hunyonya mara nne hadi tano ya mtu mzima kwa kiasi kilekile anachomeza, na mwenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya zaidi.

Kwa hiyo ndugu yangu mvuvi, nakuomba: usivunje betri, irudishe nzima kwa muuzaji. Nunua chubwi zilizokwisha kusubiwa, au tumia nati kuukuu na mawe kama wazee wa nyavu. Usibane chubwi kwa meno. Najua sote tunafanya, mkono mmoja umeshika mshipi na mashua inayumba, lakini tumia koleo. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za baharini zisifuliwe pamoja na za mtoto. Kama uliwahi kuyeyusha uani, usifagie pakavu, vumbi litapanda. Lowesha kwanza, kisha funika mahali hapo kwa udongo safi au saruji. Na mpeleke mtoto akapimwe hata kama anaonekana mzima, kwa sababu wangu alikuwa akikimbia na kucheka kama wenzake.

Hatukupewa dawa ya kuitoa risasi mwilini. Tuliambiwa tuondoe chanzo na tumlishe vizuri: dagaa, maharage, mchicha, maziwa. Karai na kalibu nilivifunga nikavitoa nyumbani. Baada ya miezi saba kipimo kilishuka hadi 9. Sasa anasema "baba, twende pwani". Tutampima tena baada ya Ramadhani.